Upande wa Pili wa "Majina ya Mashamba"

Furaha, ninayemfundisha kazi pamoja na Salim, ndiye aliyenikataza kuondoka kwenye kiwanda cha santuri na mambo yote kichwani. "Mama Jeruto, andika," alisema, "mimi na Salim tutasoma." Nikamjibu kwamba Kiswahili changu ni cha Eldama Ravine, chake ni cha Bukavu na cha Salim ni cha Tanga, kwa hiyo hakuna atakayeridhika. Akasema afadhali tukose kuridhika sote watatu kuliko niandike kwa Kiingereza halafu karatasi zikae kwenye droo. Basi hizi hapa. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Kwenye kibanda cha kusikilizia, cheo ni kupewa kiti chenye magurudumu.

Niliingia kiwandani Tyseley, hapa Birmingham, kupitia wakala wa vibarua. Kabla ya hapo nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Erdington, hadi mgongo wangu ukakataa kuinua watu. Wakala akaniambia kuna kazi ya kupakia santuri, tena ya kukaa kitako. Sikuamini. Nilijua santuri kama kitu cha marehemu baba, zile sahani nyeusi zilizokuwa chini ya kitanda chake na ambazo hatukuruhusiwa kuzigusa. Nilidhani dunia ilishaachana nazo. Kumbe Wazungu walikuwa wamezirudia, na bosi wetu Trevor alikuwa amenunua mashine kuukuu tano kutoka kiwanda kilichofungwa, akazifufua moja baada ya nyingine.

Siku ya kwanza nilipewa glavu za pamba na kuonyeshwa namna ya kushika sahani kwa ukingo na katikati, vidole visiguse mifuo, ile mistari myembamba inayobeba sauti. Joto lilikuwa la mvuke, na harufu ilikuwa ya plastiki iliyoyeyuka. Upepo ukigeuka, ilichanganyika na harufu ya takataka za jiji zima zinazochomwa jirani. Mashine zilikuwa zikipumua kama ng'ombe waliotoka mbio. Donge la plastiki moto linawekwa kati ya mabamba mawili ya nikeli, mashine inafumba, inafumbua, na tayari ni santuri. Nilisimama nikaangalia hadi msimamizi akanikumbusha kwamba nililetwa kupakia.

Wakati wa chai kulikuwa na santuri ikipigwa kwenye chumba cha kulia. Nikasema, kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, nikijua hakuna anayenielewa, "Huu wimbo umelewa."

"Kwa nini wewe nasema nalewa?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa mzee Kalasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, kikombe mkononi.

"Mimi nazaliwa Nakuru," alisema. "Baba yangu fundi ya reli. Sema. Kwa nini nalewa?"

"Sauti inapanda na kushuka, Mzee. Kidogo tu. Kama mtu anayeimba huku amekaa kwenye bembea."

Aliitoa ile sahani kwenye mashine, akaishika juu ya mwanga, akaniita nione. Tundu la katikati lilikuwa limekaa pembeni kidogo, chini ya upana wa ukucha. Wenzangu wote walikuwa wamekula sandwichi zao wakiisikiliza bila kujua lolote.

Huyo alikuwa Gurdev, msikilizaji mkuu, anayetafuta kasoro kwenye santuri kabla hazijauzwa. Alianza kazi hii akiwa kijana, enzi ambazo kila nyumba ilikuwa na santuri. Kisha kiwanda chake kikafungwa, akaendesha teksi miaka mingi, mpaka Trevor alipomfuata nyumbani kwake kumwomba arudi. Baada ya wiki mbili alinihamishia kwenye kibanda chake.

Mengi ninayowafundisha ninyi ni yake. Kusikiliza santuri nzima bila kutikisa mguu, kwa sababu ukianza kufurahia wimbo umeacha kuisikiliza plastiki. Kuosha sindano kila baada ya sahani hata kama huoni uchafu. Ukisikia kasoro, kuchukua sahani ya pili, na ya tatu, na kubadilisha mashine, na kubadilisha sindano, kabla ya kufungua mdomo. "Kelele moja ni vumbi," alikuwa akisema. "Kelele mara tatu mahali moja, hiyo ni sisi." Alinifundisha pia kula kitunguu saumu siku za Ijumaa tu, maana kibanda ni kidogo.

Tulikuwa tukisikiliza pamoja, hedifoni mbili kwenye mashine moja, yeye amekaa mkabala na mimi. Nilidhani ndiyo desturi ya kazi. Alikuwa akiniangalia usoni muda wote. Mimi nikawa nafikiri anapima kama mwanafunzi wake anaelewa, na kila alipoandika kasoro kwenye fomu nilifurahi kwamba tumeisikia kwa wakati mmoja. Miaka ikapita hivyo.

Sasa nifike kwenye santuri mliyoniulizia.

Nyote mnaijua bendi ya Canal Mules, nyumbu wa mfereji. Jina wamelitoa kwa wale nyumbu waliokuwa wakivuta mashua kwenye mifereji ya Birmingham zamani. Wakati huo walikuwa na albamu tatu za country, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani, za kuchangamka, za viatu na kofia, na watu walijaa kwenye viwanja kucheza. Mimi sikuwa mgeni wa country. Kwetu Bonde la Ufa muziki huo ni wa nyumbani kabisa. Jumapili mchana baba alikuwa akiweka redio dirishani ili na majirani wasikie. Nimewaona wanaume wa Ravine wakiimba juu ya treni za Marekani ambazo hawajawahi kuziona, na kwa lafudhi ambayo wake zao walikuwa wakiicheka. Kwa hiyo niliposikia Canal Mules, watoto wa Bromsgrove, hapo nje ya Birmingham, nao wakiimba kwa pua kama watu wa Tennessee, nilijisemea kwamba ugonjwa ni mmoja.

Mwimbaji wao ni Josie Harkett. Baba yake alikuwa mkulima, akafariki, na shamba likauzwa vipande vipande. Albamu ya nne ikatokana na hilo. Waliiita kwa Kiingereza jina ambalo mimi nalitafsiri "Majina ya Mashamba". Ilipoletwa kwetu kukandamizwa, Trevor alitembea kiwandani siku nzima akisugua mikono. Hatukuwa tumewahi kupata bendi inayojulikana hivyo. Tarehe ya kutoka ilikuwa imeshatangazwa, na kampuni yao ya kurekodi ilikuwa imemweleza wazi kwamba kazi ikiwaendea vizuri wataleta nyingine, na isipowaendea vizuri kuna kiwanda ng'ambo kinachosubiri.

Mnajua kwamba kabla ya kukandamiza santuri zote tunatoa chache za majaribio. Msikilizaji mkuu anazisikiliza na kutia sahihi, na nyingine zinatumwa kwa wenyewe wazikubali. Wiki hizo mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetolewa nyongo hospitalini na nimeambiwa nipumzike nyumbani. Gurdev alisikiliza peke yake. Akatia sahihi. Kampuni ya kurekodi nayo ikajibu kwamba ni sawa. Baadaye tulijua kwamba ofisini kwao walisikiliza upande wa kwanza tu, na nakala ya Josie ilimfikia akiwa safarini, ikakaa mlangoni kwake pamoja na bili za umeme.

Nilirudi kazini Jumanne. Mashine mbili zilikuwa zikiikandamiza "Majina ya Mashamba" tangu Jumatatu asubuhi, na masanduku yalikuwa yameanza kupangana ukutani. Gurdev alikuwa kwenye mashine, mimi nikachukua sahani moja kutoka kwenye rundo, kama kawaida, nikaingia kibandani.

Upande wa kwanza ulinifanya nivunje sheria ya mguu. Josie alikuwa ameacha kuimba kwa pua. Aliimba kwa sauti ya watu wa hapa, sauti ya yule mama anayekupa chenji sokoni, ya dereva anayekuambia usimame nyuma ya mstari. Miaka yote niliyokaa Birmingham sikuwahi kufikiri kwamba sauti ile inaweza kuimba huzuni. Niligeuza sahani. Upande wa pili ulikuwa na nyimbo sita, na wa mwisho hauna ala hata moja. Ni yeye peke yake anataja mashamba ya baba yake kwa majina, moja baada ya jingine, kwa utaratibu aliokuwa akiyapita na ng'ombe: Long Moss, Sarsons, Ashes, Sheepsleys.

Kila alipofika kwenye s, sauti ilichanika, kama mtu anayepasua kitambaa karibu na sikio lako. Na mmeona wenyewe, majina yale yamejaa s. Long Moss, krr. Sarsons, krr, krr.

Salim, uliwahi kuniuliza kwa nini wimbo wa mwisho wa kila upande huwa mgumu. Ni hivi. Sindano ikikaribia katikati, mzunguko unakuwa mfupi na mifuo inabanana, na sauti kali za juu ndizo zinazoharibika kwanza. Upande ukiwa mrefu kupita kiasi, kama ule wa nyimbo sita, wimbo wa mwisho unasukumwa hadi karibu na lebo, ile karatasi ya katikati. Hapo s inakuwa adui.

Nilifanya nilivyofundishwa. Nikaosha sindano. Nikachukua sahani ya pili, ya tatu. Nikahamia mashine nyingine ya kupigia santuri. Nikachukua moja kutoka kwenye zile za majaribio zilizohifadhiwa kabatini. Zote zilikuwa hivyo hivyo, maana yake kasoro haikuwa ya mashine zetu za siku hiyo. Ilikuwepo tangu mwanzo, na sahani ya majaribio ilikuwa nayo. Nikaifungua fomu. Sahihi ya Gurdev ilikuwa pale, nadhifu, na pembeni ameandika kwamba pande zote mbili ni safi.

Nilikaa. Chai yangu ikapoa. Mtu mwenye masikio kama yale hawezi kukosa kusikia kitu kama kile, nilijiambia. Labda alichoka. Labda alipigiwa simu. Kisha nikaanza kukumbuka mambo: jinsi alivyokuwa akichelewa kuandika kasoro mpaka mimi nikunje uso, jinsi alivyoacha kuitikia kengele ndogo ya mlango. Nilitamani nyongo yangu irudi, nipate sababu ya kuwa nyumbani.

Nikamwita.

"Mzee, hebu sikiliza wimbo huu wa mwisho."

Alikaa mahali pake, mkabala nami, akavaa hedifoni. Nami nikavaa zangu. Sindano ikashuka. Na hapo, Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa na kuangalia meza. Sikutaka uso wangu useme chochote.

Wimbo ukaisha. Akavua hedifoni taratibu. "Iko sawa," alisema.

Nikazidi kuiangalia meza.

Akangoja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Jeruto, kwa nini wewe nafungia mimi uso leo?"

Machozi yakanitoka. Alielewa papo hapo. Alitazama ile sahani inayozunguka bure, akanyoosha mkono, akaizima.

"Wapi?" aliuliza.

"Kila s, Mzee. Zote zimechanika."

"Zote?"

"Zote."

"Miaka tatu sasa," alisema. "Sauti ya juu mimi hapana sikia kitu. Kwanza ndege nyumbani kwangu nanyamaza. Mimi nafikiri ndege nahama." Akacheka kidogo, bila furaha. "Halafu mimi naona, wewe nasikia kila kitu. Uso yako nasema yote. Basi mimi nasikiliza uso."

Nilimwambia kuna njia. Ningeweza kuandika kwamba kasoro imeonekana leo, bila kutaja sahani za majaribio. Ningeweza kupoteza fomu. Fomu zilikuwa zikipotea kila wiki. Aliinuka kabla sijamaliza, akachukua ile fomu mezani.

"Huyu mama naimba shamba ya baba yake," alisema. "Wewe nataka sisi napeleka kwa watu imepasuka, sababu ya heshima ya mimi?"

Akatoka. Nikamfuata. Alipita katikati ya mashine zote mbili, akabonyeza kitufe chekundu cha kwanza, akabonyeza cha pili, mvuke ukatoka kwa kishindo, na vijana wa mashine wakabaki wametukodolea macho. Trevor akatoka ofisini karibu kukimbia.

"Nini tena?"

Gurdev alimpa fomu. Walizungumza Kiingereza. Alimwambia kwamba sahihi ile ni yake na anaifuta, kwamba santuri ina kasoro kubwa, kwamba yeye hawezi kuisikia na kuanzia leo asipewe tena kusikiliza, na kwamba aliyeisikia ni mimi.

Trevor si mtu mbaya, lakini siku hiyo alikuwa na tarehe iliyotangazwa. Alisikiliza wimbo kibandani mara mbili. Uso wake ulibadilika rangi. Kisha akasema kile ambacho hata mimi nilikuwa nimeshakifikiria.

"Ni wimbo wa mwisho. Wenyewe walishaukubali. Wangapi wataona?"

"Mimi nimeona," nilisema. "Na mwimbaji ataona."

"Una hakika?"

"Kama ni mwimbaji kweli, ataona."

Alikuna kichwa muda mrefu. Halafu akampigia Josie mwenyewe, bila kupitia kampuni yake. Kwa hilo nimemsifu siku zote.

Josie alifika kesho yake asubuhi, peke yake, na koti la mvua na viatu vya matope. Nilikuwa nikitarajia kofia. Aliniita "bab", kama wanawake wa hapa wanavyomwita kila mtu, akaketi kwenye kiti cha Gurdev, akavaa hedifoni. Shamba la kwanza lilipotajwa alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. Hakuvua mpaka mwisho. Kisha akatamka neno ambalo siliandiki hapa.

Trevor alimweleza hali ilivyo. Upande ni mrefu mno. Ama wimbo ule wa mwisho uondoke, ama uondoke mwingine ili huu upate nafasi ya kupumua mbali na lebo. Vyovyote vile ni kuchonga mifuo upya, kutengeneza mabamba upya, na kuchelewa wiki nyingi. Simu kutoka kampuni ya kurekodi ikaanza kulia mfukoni mwa Josie. Aliongea nao akiwa amesimama mlangoni, nasi tukasikia upande mmoja tu.

"Hapana. Hapana, huo hauondoki. Nimesema hapana, ni mashamba ya baba yangu."

Alipomaliza alirudi akaniangalia. "Wewe umezisikiliza zote. Ungeondoa upi?"

"Mimi sikuajiriwa kuchagua nyimbo," nilimjibu.

"Najua. Ungeondoa upi?"

Nilimtazama Trevor, naye akatazama dari. Kulikuwa na wimbo wa nne wa upande ule, wa kuchangamka, wa kupiga makofi, ambao kampuni ilikuwa imeuchagua upigwe redioni.

"Ule wa makofi," nilisema. "Kwingine kote unaimba kwa sauti yako. Pale umeazima ya mtu."

Nilidhani Trevor ataanguka. Josie alizungusha pete yake kidoleni, akazungusha tena.

"Mama yangu aliniambia hivyohivyo," alisema. "Nilimwambia hajui muziki."

Wimbo wa makofi ukatolewa. Zile santuri zote za mwanzo tukazisaga, plastiki ikarudi kuwa chembechembe. Mabamba mapya yalipofika nilisikiliza peke yangu, mara nne, na Long Moss ilipita safi kama maji. Nikatia sahihi. Nikaharibu herufi ya kwanza ya jina langu. Fomu hiyo ipo kabatini mkitaka kucheka.

Sasa mapokezi. Kwanza hayakuwa mazuri, na asiwaambie mtu vinginevyo leo kwa kuwa kila mmoja anadai aliipenda tangu siku ya kwanza. Ilitoka imechelewa. Redio ilikuwa imeahidiwa wimbo wa makofi na haikujua ifanye nini na mwanamke anayetaja mashamba. Mhakiki mmoja wa gazeti aliona kuwa country kwa lafudhi ya Birmingham ni mzaha uliorefushwa. Mashabiki wa viwanjani walilalamika kwamba hakuna cha kucheza. Masanduku yalikaa kwenye ghala letu, na Trevor akawa anayapita bila kuyatazama. Nililala vibaya majuma hayo. Mwanamke alikuwa ameniuliza, nami nikamjibu, na sasa kazi yake ilikuwa imekaa kwenye ghala la Tyseley.

Gurdev hakuwa na wasiwasi. Trevor alikuwa amempeleka kwenye mashine, na kule alikuwa bingwa upya. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya sahani yenye joto na kujua kama imepinda, akiishika kwenye mwanga na kujua plastiki haikujaa. "Ngoja," aliniambia nilipolalamika. "Hii hapana nyimbo ya kukimbia. Hii natembea na miguu."

Ikatembea kweli. Sisi wa kiwandani tunajua mapokezi ya santuri kabla ya magazeti, kwa kuangalia kama mabamba yake yanarudi kwenye mashine. Ya "Majina ya Mashamba" yalirudi majira ya kuchipua. Yakarudi tena kiangazi, yakachoka, ikabidi tutengeneze mengine. Masanduku ya ghala yalikuwa yamekwisha bila mtu kutambua ni lini. Josie aliacha viwanja, akawa anaimba kwenye kumbi za vijiji na maonyesho ya kilimo, na baada ya kuimba watu walikuwa wakimfuata kumtajia mashamba yao.

Nami yalinifika. Jirani yangu wa Erdington, mzee ambaye kwa miaka saba alikuwa ameniambia "habari ya asubuhi" tu, aliniona na mfuko wenye nembo ya kiwanda chetu. Akaniuliza kama ndiyo tuliotengeneza ile santuri. Nilipokubali alisimama pale kwenye ua akanitajia mashamba kumi na moja ya babu yake, huku akihesabu kwa vidole, mvua ikimnyeshea. Kanisani nako, mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Molo, kwetu Bonde la Ufa, aliazima nakala yangu. Aliporudisha alisema kwa Kiswahili, "Wewe, huyu Mzungu amenifanya nikumbuke hata pale tulipokuwa tunaita Kwa Punda." Hakuwa amewahi kusikiliza country kwa hiari yake. Na yule mhakiki wa gazeti akaandika mara ya pili. Hakusema alikosea, lakini aliusifu wimbo wa mwisho, na akasema kwamba kwenye santuri unamsikia Josie kama amekaa mezani kwako. Trevor aliukata ukurasa huo akaubandika kwenye mlango wa kibanda.

Mwaka uliofuata Josie aliomba kuja kiwandani kutushukuru. Tulidhani ataleta keki. Keki alileta, lakini pia alimwomba Trevor jambo moja: mashine zizimwe. Trevor akatazama saa, akatutazama, akazizima zote tano. Mvuke ukaisha taratibu. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka mingi na sikuwahi kusikia jengo lile likiwa kimya. Ilisikika mvua juu ya bati, na treni ikiingia kwenye karakana kule nyuma.

Trevor alikuwa amemsimulia Josie habari ya sahihi iliyofutwa. Josie aliuliza, "Gurdev ni nani?"

Tulimsogeza mbele. Alikuwa na aproni na glavu zake. Josie akaenda akasimama mbele yake, hatua moja tu, karibu kiasi kwamba Gurdev alianza kurudi nyuma kwa adabu. Akamshika mkono asiondoke. Kisha akaimba wimbo wa mwisho, bila kipaza sauti, bila gitaa, shamba moja baada ya jingine, polepole, kama anayefungua mageti kupitisha ng'ombe. Gurdev alikuwa ameinamisha kilemba upande wa sikio la kulia. Hakumtazama mtu mwingine yeyote. Mimi nilikuwa nyuma yake, hakuweza kuniona.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Josie alimwuliza kwa Kiingereza kama amesikia. Gurdev akafikiri, kama alivyokuwa akifikiri kila mara kabla ya kutia sahihi. Kisha akageuka kunitafuta, akanijibu mimi, kwa Kiswahili.

"Mwambie yeye ile s mimi hapana sikia hata moja," alisema. "Lakini nyimbo, mimi nasikia yote."

Nikamtafsiria Josie.